Umeme wa pikipiki ya zamani unakata na kurudi: usafishe koneka, utumie taa ya kupimia, mita, ubadilishe kifaa au uvute waya upya?

Pikipiki iliyokufa umeme kabisa haina shida kubwa, unaanzia betri unafuata fyuzi unafuata swichi ya funguo, na mahali umeme unapoishia ndo penye ubovu. Inayotesa ni ile inayokata na kurudi. Unapita kwenye matuta injini inazima, unaisukuma pembeni, unageuza funguo inawaka kama hakuna kilichotokea. Au indiketa zinakufa siku ya mvua, kesho yake jua limetoka zinapiga vizuri tu. Au injini inakata moto baada ya dakika 20 za mwendo, ukikaa nusu saa ikapoa inawaka. Ukimpelekea fundi haifanyi, ukiondoka pale inafanya.

Watu wakifika hapo kila mmoja anashika njia yake. Mwingine anasafisha koneka zote, mwingine anachukua taa ndogo yenye waya mbili, mwingine mita, mwingine anaanza kubadilisha CDI (kile kisanduku kinachoamua plagi ipige moto lini) na koili (inayopandisha umeme wa plagi), na mwingine anachoka anang'oa waya zote anavuta mpya. Mi nimezipitia zote tano kwenye pikipiki tofauti, na nilichojifunza ni kwamba ubovu wa kuja na kuondoka haukamatwi ukiwa haupo, kwa hiyo njia inayokufaa inategemea sana tatizo lako linatokea wakati gani na linakaa kwa muda gani. Hizi njia hazishindani kabisa, kila moja inaona kitu ambacho nyingine haikioni.

Kabla hujashika spana

Chukua karatasi uandike tatizo linavyokuja. Najua inaonekana kama kupoteza muda, lakini wiki moja ya kuandika inaweza kukuokoa mwezi wa kufungua fungua. Andika: ilikuwa kwenye mtikisiko? Injini ilikuwa ya moto? Kulikuwa na maji? Ulikuwa umekata usukani kushoto au kulia? Na la muhimu kuliko yote, nini kilikufa na nini kilibaki.

Kama kila kitu kilikufa pamoja, taa, honi, injini, basi ubovu uko kwenye njia ya pamoja, yaani vichwa vya betri, fyuzi kuu na kishikizo chake, swichi ya funguo, au waya mkubwa wa ethi (ule unaotoka betri kwenda kwenye fremu). Kama injini ilikufa peke yake na taa zikabaki, angalia swichi ya kuzimia injini, swichi ya stendi, koili, CDI na waya zake. Kama ni taa tu au indiketa tu, usiguse kabisa mambo ya injini.

Kitu kingine ambacho wengi wanakiruka, jua ignisheni (mfumo unaoleta moto kwenye plagi) ya pikipiki yako inapata umeme wapi. Kuna zinazotegemea betri, hizo injini inazima pale waya wa kuleta umeme unapoachana. Na kuna zile za CDI inayolishwa na koili za magneto (zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka) moja kwa moja, ambazo zinawaka hata betri ikiwa imekufa, na hizo huzimwa kwa kugusisha waya fulani na fremu. Kwa hiyo dalili ni ile ile, injini inazima kwenye tuta, lakini kwenye pikipiki ya kwanza unatafuta waya ulioachana na kwenye ya pili unatafuta waya uliochubuka unaogusa chuma. Ukilikosea hili utatafuta kitu ambacho hakipo.

Nitazipima kwa vitu gani

Kwa kila njia nitaangalia vitu hivi: unahitaji nini, inakamata ubovu wa aina gani, inadanganya wapi, inakula muda gani na ina hatari gani, na inamfaa nani.

1. Kutikisa, kuchokoza na kusafisha koneka na ethi

*Unachohitaji:* bisibisi, spana, msasa laini, brashi ndogo ya waya, spirei ya kusafishia koneka, grisi ya koneka (ile isiyopitisha umeme), na chupa ya kunyunyizia maji. Ujuzi mwingi hautakiwi ila uvumilivu unatakiwa.

*Inakamata nini:* kwenye pikipiki yenye umri mkubwa hii ndo njia inayokamata zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ubovu mwingi wa kuja na kuondoka ni chuma mbili ambazo zilitakiwa kugusana vizuri na hazigusani vizuri, ama kwa kutu ya kijani, ama kwa pini iliyolegea, ama kwa bolti ya ethi iliyofungwa juu ya rangi. Unawasha kila kitu, injini ikinguruma polepole, alafu unatikisa fungu moja la waya kwa wakati mmoja, sio yote. Anzia kwenye shingo ya usukani, pale waya zinapojikunja kila unapokata kona, kata usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia. Kisha chini ya tangi, chini ya siti, soketi iliyo nyuma ya swichi ya funguo, na koneka inayotoka kwenye koili za magneto kwenda kwenye regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji), hiyo ya mwisho inapitisha umeme mwingi na mara nyingi utaikuta imebadilika rangi kwa joto. Vuta kila waya mmoja mmoja kwenye koneka, maana pini inaweza kuwa imerudi nyuma ndani ya plastiki na kwa nje ukaona koneka imefunga vizuri tu.

Fyuzi za kioo za zamani ziangalie kwa makini. Ile nyuzi ya ndani inaweza kuachia pale inapoingia kwenye kifuniko cha chuma, usione kwa macho, ikawa inagusa na kuachia kwa mtikisiko. Itoe na uweke nyingine ya ampea zile zile, na ubane vile vishikio vyake.

Ethi unafungua bolti, unakwangua mpaka chuma kinang'aa, unafunga tena na kupaka grisi kwa juu. Kwenye baadhi ya pikipiki za zamani taa ya mbele inarudisha umeme kupitia gololi za usukani, zile zenye grisi, na hapo ndo taa inacheza cheza ukikata kona. Vuta waya mmoja kutoka kwenye taa mpaka kwenye fremu, yanaisha.

Kwa tatizo la mvua unatumia ile chupa, nyunyiza kidogo sehemu moja, subiri, nenda nyingine. Ukifanya usiku gizani kwenye waya wa plagi na kofia yake unaweza kuona cheche za bluu zinarukia kwenye chuma. Kwa tatizo la joto unaweza kutumia draya ya nywele kupasha CDI au koili peke yake injini ikiwa ya baridi, uone kama tatizo linakuja.

*Inadanganya wapi:* unasafisha koneka kumi tatizo linapotea, hujui ni ipi iliyokuwa mbovu, na kama kilichosaidia ni kule kuitikisa tu basi litarudi. Pia haioni ndani ya waya. Shaba inaweza kuwa imekuwa nyeusi chini ya plastiki sentimita nyingi kutoka kwenye koneka, na wewe umesafisha ncha tu.

*Muda na hatari:* siku nzima kama unaifanya kwa haki. Hatari ni ndogo, ila plastiki za koneka za zamani hukauka na kuvunjika ukizilazimisha, na toa kwanza waya wa betri unaoenda kwenye fremu kabla hujaanza kukwangua. Pikipiki nyingi hasi ndo iko kwenye fremu, lakini pikipiki nyingi za Uingereza za zamani, Triumph, BSA, Norton, chanya ndo imefungwa kwenye fremu, kwa hiyo angalia usikariri.

*Inamfaa nani:* kila aliyenunua pikipiki ya zamani bila kujua historia yake, na yule ambaye tatizo lake halina mpangilio.

2. Taa ya kupimia

*Unachohitaji:* balbu ya volti 12 wati 5, kishikizo chake, waya mbili ndefu zenye klipu za kubana. Kama pikipiki ni ya volti 6 basi na balbu iwe ya volti 6. Ndo hivyo tu.

*Inakamata nini:* hapa watu wanadharau, wanaona ni kifaa cha kizamani. Lakini taa ina sifa moja kubwa, inakula umeme. Balbu ya wati 5 inavuta karibu ampea 0.4, kwa hiyo koneka yenye kutu nyingi inapata kazi, na taa inafifia. Mita haivuti karibu chochote, kwa hiyo koneka ile ile itakuonyesha volti 12 safi kabisa na wewe utaendelea mbele ukiamini uko salama.

Na sifa ya pili ndo ninayoipenda, taa unaweza kusafiri nayo. Kwa pikipiki ambayo ignisheni inategemea betri, unafunga klipu moja kwenye waya unaoleta umeme kwenye koili, nyingine kwenye ethi, balbu unaifunga kwa tepu karibu na usukani mahali unapoiona bila kuinama, waya zisibanwe na usukani wala mnyororo, alafu unaendesha barabara isiyo na magari. Injini ikizima unaangalia taa. Imezima pamoja na injini? Umeme haukufika, rudi nyuma kwenye swichi na fyuzi. Imebaki inawaka? Umeme ulifika, ubovu uko kwenye koili, kofia ya plagi, pick-up (kihisio kidogo kinachotoa ishara ya wakati wa moto), au pengine sio umeme ni mafuta. Jibu moja tu hilo linapunguza eneo la kutafuta kwa nusu. Niliwahi kuhangaika na injini iliyokuwa inakata kwenye matuta tu, baada ya kilomita chache za kwanza taa ikazima mara moja pamoja na injini, nikaenda moja kwa moja kwenye swichi ya kuzimia injini, ndani kulikuwa na kutu ya kijani, nikasafisha na haijarudia.

Kwa shoti inayounguza fyuzi mara moja kwa wiki, toa fyuzi, weka balbu kubwa kidogo ya wati 21 mahali pake. Hata waya ukigusa fremu haitapita zaidi ya ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Chomoa vitu vyote vya njia hiyo, balbu itakuwa imezima, alafu anza kutikisa waya, pale inapowaka ghafla ndo mahali pa shoti.

*Inadanganya wapi:* haikupi namba. Jicho haliwezi kutofautisha volti 11.8 na 12.4, kwa hiyo chaji hafifu na hasara ndogo ndogo zitakupita. Kwa waya wa stata ni nyepesi mno, ampea 0.4 haisemi chochote kuhusu waya unaotakiwa kubeba makumi ya ampea.

*Muda na hatari:* dakika chache kuifunga, alafu unasubiri tatizo likujie. Hatari ni kuiweka mahali pasipotakiwa. Usiguse waya za ishara za CDI wala pick-up. Na kwenye zile CDI zinazozimwa kwa kugusisha waya na fremu, ukiifunga taa kati ya waya huo na fremu taa yenyewe inaweza kuzima injini ukadhani umekamata ubovu.

*Inamfaa nani:* mwenye tatizo linalotokea ukiwa barabarani tu, na mwenye shoti isiyoonekana. Pia ambaye namba za umeme zinamchanganya.

3. Mita

*Unachohitaji:* mita ya dijitali yenye volti za DC na AC na omu (kipimo cha ukinzani), ikiwa na uwezo wa kushika namba ya juu na ya chini ni bora zaidi. Waya zake ziwe na klipu, sio sindano peke yake, maana mikono yako itakuwa na kazi. Na kitabu cha pikipiki yako kama unaweza kukipata.

*Inakamata nini:* kwanza hali ya betri na chaji, ambayo ningesema ipimwe kabla ya kitu chochote. Betri ya risasi ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika inasoma 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.0 hiyo imekwisha. Injini ikiwa inazunguka juu ya mizunguko 3000 hivi unategemea 13.5 hadi 14.5. Ikipita 15 regyuleta haidhibiti, au haioni volti sahihi kwa sababu ya koneka mbovu, na itaunguza balbu na kukausha betri. Ikibaki 12 na kitu hata ukizungusha akseleta, chaji haipo. Chaji inayokuja na kuondoka inaleta dalili za ajabu ajabu zinazofanana na ubovu wa waya.

Pili, na hapa ndo mita inaipita taa, kupima hasara ya volti kwenye njia yenye mzigo. Washa taa ya mbele. Weka sindano moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya soketi ya balbu, namba unayoiona ni volti zilizopotea njiani. Koneka moja nzuri haipotezi hata 0.1. Upande wa ethi, kutoka kwenye ethi ya balbu mpaka hasi ya betri, zaidi ya 0.2 kuna mahali panahitaji kusafishwa. Njia nzima ya chanya ikipoteza volti 1 kwenda juu, anza kusogeza sindano koneka moja hadi nyingine, mahali namba inaporuka ndo penyewe. Hesabu yake sio ngumu, balbu ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.6, koneka yenye kutu ya nusu omu tu inakula karibu volti 2. Na balbu ya nyuzi ikipoteza asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua karibu asilimia 30, ndo maana watu wanalalamika taa hafifu wanabadilisha balbu na kioo wakati shida ni koneka.

Kumbuka lazima mzigo uwe umewashwa. Bila mzigo hasara haionekani.

Tatu, vitu vya joto. Koili ya ignisheni, pick-up na koili za magneto unazipima omu zikiwa baridi, alafu unaendesha mpaka tatizo litokee na kupima hapo hapo zikiwa za moto. Ila usishtuke namba ikipanda kidogo, shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja, kwa hiyo kutoka digrii 20 mpaka 100 ni kawaida omu 1 kuwa 1.3. Unachotafuta ni ile inayoruka kwenda juu kabisa au inayokatika. Kwa koili za magneto zenye waya tatu, chomoa koneka, pima AC kati ya waya mbili mbili injini ikizunguka, zile namba tatu zinatakiwa kukaribiana, alafu zima injini upime omu, hakuna hata waya mmoja unaotakiwa kuungana na fremu.

*Inadanganya wapi:* nimeshasema, volti 12 kwenye waya usio na mzigo. Ile milio ya kupima kama waya umeungana nayo hivyo hivyo, itakulilia hata waya ukiwa na uzi mmoja. Jingine, mita ya dijitali inasoma mara chache tu kwa sekunde, waya ukiachana kwa muda mfupi sana na kurudi, injini imeshamisi lakini mita haijaona kitu. Na mita za hali ya chini zinachanganyikiwa na kelele za plagi injini ikiwa inawaka, namba zinaruka hovyo, ukiona hivyo isogeze mbali na waya wa plagi.

*Muda na hatari:* kujifunza kunachukua jioni mbili tatu, kupima kwenyewe ni saa chache. Hatari kubwa ni kusahau waya kwenye tundu la ampea alafu ukagusa vichwa vya betri, hiyo ni shoti. Na usijaribu kupima ampea za stata kwa tundu la ampea 10.

*Inamfaa nani:* mwenye taa hafifu, betri inayoisha bila sababu, stata inayochoka, au tatizo la joto. Na mtu yeyote anayepanga kukaa na pikipiki ya zamani muda mrefu.

4. Kubadilisha kifaa kwa kifaa

*Unachohitaji:* kifaa kizima cha aina ile ile, bora zaidi kutoka kwenye pikipiki inayotembea ya mwenzako, kuliko kipya ambacho hujui ubora wake.

*Inakamata nini:* vitu usivyoweza kupima kwa mita ya kawaida, hasa CDI, pia koili inayopima vizuri ikiwa baridi na kushindwa ikiwa na joto na mgandamizo wa injini.

*Inadanganya wapi:* ukichomoa CDI umeshatikisa koneka yake. Ukiweka nyingine tatizo likaisha unaweza kuwa umetengeneza koneka na sio CDI. Kwa hiyo rudisha ile ya zamani kwa makusudi, kama tatizo halirudi, kifaa chako hakikuwa kibovu. Watu wachache wanafanya hivi, na ndo maana masanduku yamejaa CDI nzima zinazoitwa mbovu.

*Muda na hatari:* ni haraka sana kama kifaa kipo mkononi. Hatari ni kuunguza kifaa cha mwenzako kama kilichoua cha kwanza ni chaji iliyopita kiasi au shoti. Pima chaji kwanza.

*Inamfaa nani:* mwenye rafiki mwenye pikipiki kama yake, ambaye koneka na volti ameshazipima na ziko sawa.

5. Kuvuta waya upya

*Unachohitaji:* mchoro wa waya, waya za unene tofauti na rangi tofauti, koleo maalum la kubana vichwa vya waya, vichwa vyenyewe, tepu, na sehemu ya kuiacha pikipiki bila kuitumia. Au wayaringi nzima iliyotengenezwa tayari kwa aina yako kama inapatikana.

*Inakamata nini:* hapa hukamati, unaondoa. Inafaa pale plastiki ya waya inapovunjika ukiikunja, shaba imekuwa nyeusi (shaba nyeusi hata risasi ya kuunganishia waya haishiki), au waliokuwa nayo kabla yako walisokota waya na tepu kila mahali mpaka rangi hazina maana tena. Pia mahali palipoyeyuka.

Sio lazima iwe yote. Kipande cha shingo ya usukani peke yake, au kutoka regyuleta mpaka betri peke yake, mara nyingi kinatosha, na ukiwa pale unaweza kuweka relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) kwa ajili ya taa ya mbele ili ile swichi ya zamani isibebe umeme mwingi.

*Inadanganya wapi:* watu wanavuta waya mpya zinazopendeza alafu injini inazima vile vile, kwa sababu ubovu ulikuwa ndani ya swichi ya funguo au pick-up. Waya mpya hazitengenezi kifaa kibovu. Na zinaleta makosa mapya kama ukifanya haraka: waya mwembamba kuliko wa zamani, waya uliovutwa bila kuachiwa ulegevu kwenye shingo ya usukani, au maungio ya risasi mahali penye mtikisiko. Risasi inafanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na hapo hapo ndo unakatika. Bana kwa koleo sahihi, alafu ufunge waya usining'inie.

*Muda na hatari:* wikiendi kadhaa. Piga picha kila koneka kabla hujachomoa, andika lebo, usitupe ile ya zamani mpaka mpya imetembea mwezi. Fyuzi ichaguliwe kulinda waya, usiongeze ampea eti kwa sababu inaungua.

*Inamfaa nani:* anayeifufua pikipiki iliyokaa miaka, au ambaye kila akitengeneza kimoja kinaharibika kingine.

Zikikaa pamoja

Kwa vifaa vichache, kusafisha na taa ziko sawa. Kwa kutoa jibu la uhakika mita iko mbele pale tatizo lipo au linaacha alama ya hasara, taa iko mbele pale tatizo linakuja sekunde moja barabarani. Kubadilisha kifaa kuna kasi lakini jibu lake ni dhaifu usiporudisha cha zamani kuhakikisha. Kuvuta waya kunakula muda kuliko zote, na hakukuambii ubovu ulikuwa nini, ila kwa waya zilizochoka hakuna kinachodumu kuliko hicho.

Kwa hali yako

Kila kitu kinakufa pamoja kwenye mtikisiko: anza na vichwa vya betri, fyuzi kuu na ethi kwa njia ya kwanza, kama haijakamatika funga taa baada ya swichi ya funguo uende nayo barabarani.

Injini inakata ikipata joto, ikipoa inawaka: mita kwenye koili na pick-up zikiwa za moto, draya kwenye CDI, alafu ndo kuazima kifaa. Na kabla ya hayo yote fungua kifuniko cha tangi inapozima, tundu la hewa likiziba mafuta yanakata kwa dalili zinazofanana kabisa na hizi.

Mvua tu: chupa ya maji, kofia ya plagi, swichi za usukani. Mita hapa haitakusaidia sana.

Fyuzi inaungua mara moja moja: balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi, tikisa.

Taa hafifu au betri haikai: mita, hakuna njia fupi.

Inazimwa kwa kugusisha fremu na inakata ovyo: chomoa ule waya wa kuzimia kwenye CDI, ujaribu sehemu ya wazi ukijua utaizima kwa choki au kwa kuiweka gia na kuachia klachi huku breki umeshika. Ikiacha kukata, ubovu uko kwenye waya huo au swichi zake, ikiendelea kukata rudisha waya uangalie kwingine.

Umeifungua ukakuta waya zimesokotwa, rangi hazieleweki na plastiki inapukutika mkononi: usihangaike kutafuta koneka moja mbovu, panga wikiendi, anza na kipande kinachobeba umeme mkubwa, kutoka betri mpaka swichi ya funguo na fyuzi, ukijaribu kila kipande kabla ya kwenda kinachofuata.

Una safari kesho na huna muda: safisha betri, fyuzi kuu na ethi, beba fyuzi za akiba za ampea sahihi, taa ya kupimia, tepu na waya wa urefu wa mita tatu.